Boksi Lililofungwa Mno

Kengele ya mwisho ikishalia, Chiriku hakuwa mtu wa kuzubaa njiani. Kila siku alipitia nyumbani, akavua sare na kunywa maji, kisha akakata mtaa wa mafundi moja kwa moja hadi kwenye karakana ya shangazi yake. Shangazi huyo alikuwa dada mkubwa wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu alipoanza darasa la kwanza. Ndiye pia aliyempa hilo jina la Chiriku, kwa sababu mtoto alianza kusimulia mambo ya shuleni akiwa bado mlangoni, na hadi anamaliza, chai imeshapoa.

Shangazi naye alikuwa na jina lake la mtaani. Watu walimwita Mama Stika. Kazi yake ilikuwa kufungasha mizigo ya hatari inayosafirishwa ng'ambo kwa ndege. Ukisikia mizigo ya hatari usidhani ni mabomu. Ni vitu unavyovijua: rangi ya kupaka ukuta, manukato, betri za simu, dawa ya kusafishia choo. Vikiwa nyumbani kabatini vimetulia zake. Lakini huko angani mizigo hutikiswa, joto hubadilika, chupa huweza kuvuja na betri ikashika moto, na huko juu hakuna mlango wa kukimbilia. Ndiyo maana nchi nyingi zimekubaliana masharti ya kitu gani kiingizwe ndani ya nini, kwa kiasi gani, kibandikwe stika ipi, na nani atie saini kuwa yote yamefuatwa. Mama Stika aliyajua masharti hayo kama mtu anavyoijua njia ya kwao, na bado kila kazi mpya ilipokuja alivaa miwani akafungua kitabu na kusoma upya.

Walikuwepo waliomcheka. Muuza manukato wa mtaa wa pili alikuwa akilalamika kwamba ukimpelekea mzigo Mama Stika utaota mvi ukisubiri, maana anapima, anapima tena, halafu anaondoa kila kitu na kuanza upya kwa sababu chupa moja imekaa upande. Mama Stika hakugombana naye. Alimwambia tu kwamba boksi lake halijawahi kurudishwa na mkaguzi hata siku moja, na kwamba asiyetaka kusubiri anaweza kupeleka mzigo wake kwa miguu. Muuza manukato alinung'unika, akasubiri, na mwezi uliofuata akaja tena.

Chiriku alikuwa akifagia karakana, akipanga makopo na kukata selotepu. Kwa siri alimwonea shangazi yake fahari kubwa. Alipenda kumtazama anavyopitisha kidole kwenye mshono wa boksi, taratibu, akitafuta penye uwazi. Na neno aliloliokota kwake, akalishika kuliko yote, lilikuwa moja: mzigo wa hatari usivuje hata tone.

Mwaka huo mwenzake wa dawati aliugua. Alikuwa mvulana mrefu, mcheshi, anayedaka mpira kwa mikono na kwa tumbo na hata kwa uso ikibidi, na shule nzima ilimwita Golikipa. Kwanza alianza kuchoka kila saa. Kisha homa ikawa inakuja na kuondoka. Mwishowe akalazwa katika hospitali kuu, na upande wake wa dawati ukabaki mtupu. Chiriku aliuchukia utupu huo. Alikuwa akimgeukia amnong'oneze jambo, halafu anakumbuka kuwa hayupo.

Mama yake Golikipa, ambaye alikuwa jirani yao, alikuja jioni moja akakaa kwenye kibaraza cha Mama Stika na kulia. Alieleza kwamba madaktari wamepima kila walichoweza kupima na ugonjwa bado haujulikani. Ipo maabara moja ng'ambo inayoweza kuutambua kwa damu, lakini damu hiyo lazima ifike ikiwa imeganda kwa baridi. Bila jibu la maabara hiyo, daktari hajui ampe mtoto dawa ipi, na akikisia vibaya anaweza kumdhuru. Mama Stika alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hospitali ikiileta hiyo damu, ataifunga yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Ilipoletwa, Chiriku alikuwa ameshatoka shule. Muuguzi aliingia na kikapu kidogo, akaikabidhi damu na karatasi za hospitali, akasema kwa sauti ya chini kwamba ndege inayokwenda huko inaondoka jioni hiyo hiyo, na nyingine ni ya wiki ijayo. Kufikia wiki ijayo, damu hiyo itakuwa haina kazi tena. Mama Stika alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akavaa glavu nene, akaanza.

Hapo ndipo ungemwona mtu anayeijua kazi yake. Kichupa cha damu alikikagua kifuniko chake, akakizungushia pamba ya kutosha kunyonya damu yote endapo kitapasuka. Akakiingiza kwenye kopo gumu la plastiki, akalikaza kifuniko, akaligeuza juu chini na kulitikisa. Kopo likaingia katikati ya boksi jeupe la povu gumu, yale mepesi yanayotunza baridi. Kisha akachukua koleo na kulizungushia kopo vipande vya barafu kavu.

Barafu kavu si barafu ya kwenye friji. Ni nyeupe kama chaki, inatoa moshi mzito unaotambaa chini, na ni ya baridi kiasi kwamba ukiishika kwa mkono mtupu inakubabua kama moto. Mama Stika hakumruhusu Chiriku kuisogelea. Alifungua milango na madirisha yote, akapima uzito wa barafu kwenye mizani, akauandika. Akaweka kifuniko cha povu juu yake, akaliingiza boksi lote ndani ya katoni.

Simu ikalia. Ilikuwa ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege, wanataka kuthibitisha jambo kwenye karatasi kabla hawajafunga orodha. Mle ndani mtandao ulikuwa unakatakata, kwa hiyo Mama Stika alitoka uani, na akiwa anatoka alimwambia Chiriku afunge mbawa za katoni na kubandika stika zilizokuwa mezani.

Chiriku akabaki peke yake na boksi. Alilitazama, akashtuka. Kifuniko cha povu kilikuwa kimekaa tu, hakikufungwa kwa chochote, na pembeni mwake moshi mweupe ulikuwa unatoka polepole. Mzigo wa hatari unavuja! Alidhani shangazi amesahau kwa ajili ya haraka na ile simu. Basi akachukua selotepu pana na kuupitisha mshono wote wa kifuniko, akazunguka, akazunguka tena, akabonyeza kwa kidole gumba kama alivyomwona shangazi akifanya, hadi boksi likawa kama mguu uliofungwa bandeji. Moshi ukakoma. Akajisikia mtu mzima. Akafunga katoni juu yake, akabandika stika zikanyooka sawasawa.

Mama Stika aliporudi, dereva wa gari la mizigo alikuwa ameshafika. Dereva huyo aliitwa Polepole, na hakuna haja ya kueleza sababu. Shangazi alilizunguka boksi, akaona stika zimekaa vizuri, akamsifu Chiriku kwa kumpapasa kichwa. Kisha akatia saini kwenye karatasi ya mzigo. Siku zote alikuwa hatii saini mpaka boksi lifungwe mbele ya macho yake. Siku hiyo, kwa kuwa muda ulikuwa unambana, alitia.

Gari lilipoondoka, Mama Stika alivua miwani na kucheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo kichwani. Chiriku naye akawa na furaha, na akiwa na furaha maswali humtoka kama karanga kwenye gunia lililotoboka. Akauliza kwa nini ile barafu inatoa moshi na hailowanishi meza.

Shangazi alikuwa na raha, akaamua kumwonyesha. Alimwambia arudi nyuma, na kwamba asithubutu kufanya hivi mwenyewe popote. Akachukua glavu jembamba la mpira, akadondosha ndani kipande cha barafu kilichobaki kwa koleo, akalifunga fundo na kuliweka mezani. Alieleza kuwa barafu hii haiyeyuki ikawa maji. Inageuka hewa moja kwa moja, na hewa hiyo inataka nafasi kubwa kuliko barafu yenyewe. Glavu lilianza kunyanyuka. Kidole gumba kikasimama, kikafuata cha pili, na vingine vyote vikajaa hadi mkono mzima ukasimama juu ya meza kama unamsalimia mtu. Chiriku akacheka hadi machozi.

Mpira ukazidi kutanuka, ukawa mwembamba, ukaanza kuonyesha ndani. Kicheko kikamkauka Chiriku mdomoni. Glavu likapasuka kwa mlio uliomfanya jirani fundi cherehani achungulie dirishani.

"Ndiyo maana boksi lake hatulibani kabisa," shangazi alisema akiokota vipande vya mpira. "Kifuniko kinakaa hivi hivi ili hewa ipate pa kutokea. Ukilibana, limekuwa hilo glavu."

 Chiriku alitazama rola ya selotepu mezani, jinsi ilivyopungua. Mawazo mawili yalimjia kwa pamoja na yakawa yanavutana. Akisema, boksi litashushwa, ndege itaondoka, na Golikipa atabaki bila jibu. Asiposema, boksi lile litapanda ndege likiwa limejaa hewa, pamoja na watu ambao hawajui lolote. Na pengine halitapasuka. Pengine ile selotepu itaachia yenyewe njiani. Nani angejua kuwa ni yeye? Kutoka nje boksi lilikuwa zuri kabisa.

Huyu ndiye mtoto ambaye maneno hayakuwahi kumpiga chenga. Sasa alilazimika kulitafuta moja tu la kuanzia.

"Shangazi," alisema, "nimelibana mimi. Kwa selotepu. Niliona moshi unavuja."

Mama Stika hakupiga kelele.  Akauliza amezungusha mara ngapi. Chiriku akasema nyingi. Shangazi akachukua simu akampigia Polepole, ikaita hadi ikakatika, akapiga tena. Polepole alikuwa hapokei simu akiwa anaendesha; Mama Stika mwenyewe ndiye aliyemkataza. Basi akatia kisu, stika mpya na kalamu kwenye mfuko, akamshika Chiriku mkono, wakatoka nje na kusimamisha pikipiki mbili.

Njia nzima Chiriku alikuwa anatazama mgongo wa shangazi yake kwenye pikipiki ya mbele. Aliogopa. Aliogopa kupigwa, aliogopa boksi, na zaidi ya yote aliogopa kumwangalia mama yake Golikipa usoni.

Ghala la mizigo la uwanja wa ndege lilikuwa kubwa, lenye mizani iliyochimbiwa sakafuni na mikokoteni ikipishana. Mkaguzi alikuwa mbele ya meza yake ndefu, mtu mkavu asiyejulikana kwa kutabasamu, na boksi lao lilikuwa mbele yake. Alikuwa na orodha yake ya kukagulia, na zilikuwa zimebaki alama chache tu. Pembeni walisubiri wateja wengine, na miongoni mwao, kwa bahati mbaya, alikuwa muuza manukato.

Mama Stika angeweza kumwita mkaguzi kando. Angeweza kudai amesahau kitu ndani. Chiriku alilifikiria hilo, na aliamini shangazi pia amelifikiria. Lakini alisimama palepale mbele ya watu wote.

"Boksi hili ni langu na lina kosa," alisema. "Lina barafu kavu, na ndani limebanwa halina pa kupumulia. Nilitia saini bila kuona lilivyofungwa. Naomba nilifungue."

 Muuza manukato akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba leo hata Mama Stika kateleza. Hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliweka kalamu chini, akauliza nani aliyelifunga. Shangazi akafungua mdomo, lakini Chiriku alikuwa ameshapiga hatua mbele. Alimwamkia mkaguzi shikamoo, akasema ni yeye, na kwamba shangazi hakujua mpaka alipomwambia. Mkaguzi akaitikia marahaba.

Akawaamuru watu wote warudi nyuma na mlango mkubwa ufunguliwe wote. Mama Stika alivaa glavu, akageuza uso pembeni, akakata katoni taratibu. Kuta zake zilikuwa zimeanza kutuna. Ndani, kifuniko cha povu kilikuwa kimenyanyuka katikati na kupasuka ufa mwembamba, na selotepu ya Chiriku ilikuwa imevutika ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Kisu kilipoigusa, hewa ilitoka kwa mvumo uliowafanya hata wabeba mizigo waruke. Muuza manukato akawa anafuta jasho.

Mkaguzi akasema muda wa kupokea mizigo bado upo, ingawa ni kidogo, lakini sheria ni sheria: boksi likishafunguliwa, ukaguzi wa kwanza umekufa. Ataanza upya tangu mstari wa juu. Mama Stika akajibu kwamba hata yeye asingekubali vinginevyo.

Basi wakaanza. Boksi lenye ufa lilitolewa, mkaguzi akaruhusu wachukue jipya kwenye duka la vifungashio lililo palepale ghalani. Kopo la damu lilikuwa zima, kavu, halijafunguka. Barafu ilipimwa tena, uzito mpya ukaandikwa kwenye karatasi na kwenye stika, ile yenye pembe nne inayosimama kwa ncha, yenye mistari myeusi na myeupe. Kifuniko kikakaa bila kubanwa. Mkaguzi alisoma mstari mmoja mmoja, akigusa kila alichokisoma, na Mama Stika akajibu kila mstari. Hakuna aliyeruka hata neno. Chiriku alikuwa anatazama saa ya ukutani na wale watu wawili kwa zamu, na bado akajikuta anawastaajabia. Walikuwa na haraka kuliko watu wote ghalani, na mikono yao haikuwa na papara hata kidogo.

Alipoweka alama ya mwisho, mkaguzi alimwita Chiriku asogee. Alimwonyesha karatasi ndogo iliyokuwa ikiandaliwa kwa ajili ya rubani. Alimweleza kuwa kabla ndege haijaruka, rubani anaambiwa kuna boksi lenye barafu kavu, uzito wake, na limewekwa wapi.

"Rubani hawezi kusimamisha ndege angani akashuka kufungua boksi," alisema. "Anachojua ni tulichomwandikia. Kwa hiyo tukimwandikia, iwe ni kweli."

Boksi likaondoka kwenye mkokoteni wa mwisho. Chiriku na shangazi yake walisimama kwenye uzio wa nje hadi ndege ikaruka na kupotea mawinguni, na hapo ndipo Mama Stika alipokaa chini kwenye ukingo wa barabara, akakunja kanga yake magotini na kuomba maji. Chiriku akaanza kulia. Akamwomba shangazi msamaha kwa kumharibia jina, maana sasa limepatikana boksi lake lililokutwa na kosa.

Shangazi alimwambia akae. Akasema kwamba kosa la kwanza ni lake yeye, kwa kumwachia mtoto kazi ambayo hajamfundisha sababu yake, na la pili ni lake pia, ile saini. Kuhusu jina, alisema jina litajitafutia njia.

Jibu la maabara lilikuja baada ya muda, na likawa na jina la ugonjwa. Daktari akajua dawa. Golikipa hakupona kwa siku moja, na kuna majuma mama yake hakulala, lakini homa ilikoma, na asubuhi moja mlango wa darasa ukafunguliwa akaingia, amekonda, shati linamcheza mwilini. Darasa zima liligonga madawati. Alikaa mahali pake karibu na Chiriku na kumwambia kwa uchungu wa kuigiza kwamba si haki: damu yake imeshapanda ndege kwenda ng'ambo, na yeye mwenyewe hata basi la mkoani hajapanda.

Alasiri hiyo alitaka kwenda kumshukuru Mama Stika. Walimkuta na muuza manukato, ambaye kwa mshangao wa watu wote alikuwa anamwomba apime chupa zake mara ya tatu. Golikipa aliwaamkia, akasema amekuja kutoa shukrani kwa mtu aliyemfungia boksi lake likafika.

Mama Stika alivua miwani.

"Kufunga nilifunga mimi," alisema, "na wanaojua kufunga ni wengi, mwanangu. Lakini boksi lile lingeondoka likiwa zuri kwa nje na bovu kwa ndani, na mimi nimelitia saini. Aliyelifanya lifike salama ni huyu, kwa sababu aliona aibu na hofu, na bado akasema, 'Nimekosea.' Kazi yetu yote hii, vitabu na stika na mizani, inasimama juu ya mtu mmoja kusema ukweli wakati hakuna anayemwona. Shikeni hilo, ninyi wawili. Hata mkiwa madaktari, hata mkiwa marubani."

Kisha akasukuma boksi la manukato katikati ya meza. Lilikuwa tayari, limebaki kufungwa. Akamkabidhi Chiriku selotepu, akavuta kiti, akaketi mbele yake na kufungua macho vizuri.

"Haya, funga," alisema. "Nakutazama. Na kila unachofunga, niambie kwa nini."

Chiriku akashika selotepu na kuanza kueleza. Alieleza sana, kama kawaida yake, na chai ilipoa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.